Nilivyomchelewesha Baba Nikingoja Diski za Breki

Wanaonijua hapa Kiptere wanajua mimi si mtu wa safari. Nikienda Kapsoit kununua mbolea, jioni nasimulia kama mtu aliyetoka ng'ambo, na mke wangu huniuliza kama watu wa huko nao wanakula ugali. Kwa hivyo nikiwaambia kwamba niliondoka kabla ya jua kuchomoza nikaenda mpaka Mulot, mjue sikuwa ninatembea. Dada yangu Chebet, aliyeolewa huko, ndiye aliyekaa na baba yetu miezi yote ya matibabu. Sasa daktari alikuwa amemwambia ampeleke mzee nyumbani, kwa ile sauti ambayo mtu akiisikia haulizi tena swali. Baba naye alitaka jambo moja tu, alale kwake Kiptere. Gari la kukodi alikataa katakata. "Nitaenda na gari ya kijana wangu," alisema.

Hilo gari la kijana wake ni gari dogo la kizee ambalo kuku wangu wamelitumia kuliko mimi. Wanalala chini yake, wanataga chini yake. Asubuhi ile niliona diski za mbele, zile sahani za chuma ambazo breki huzibana ili gurudumu lisimame, zimeshika kutu ya rangi ya chai. Nikashtuka. Baadaye nilikuja kufundishwa kwamba kutu kama ile haina neno, ukikanyaga breki mara chache inafutika. Kilichopaswa kunishtua kilikuwa kingine, na sikukitambua: diski zilikuwa na mdomo umesimama ukingoni kama wa sufuria. Ukiona mdomo huo, ujue katikati pamelika.

Kiptere hadi Kericho nilikwenda na ukungu. Katika mashamba makubwa ya chai sikuona watu, niliona mashine tu, zikinyoa vichaka na kuacha vimesawazishwa kama meza ambazo hakuna wa kukaa. Kericho nilipita bila kusimama. Nilijisifu hata, nikasema leo nimekuwa dereva.

Baada ya Litein kuna mteremko mrefu, na sisi watu wa milima ya chai tuna akili yetu: mteremko ni petroli ya bure. Unatoa gia, gari linateleza frii, mguu umelalia breki mpaka chini. Nilishuka hivyo huku pua ikisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni cha mtu mwingine.

Chini mtoni wako jamaa wanaoosha magari. Chebet alikuwa amenionya kwenye simu: "Usiniletee hiyo gari na kinyesi ya kuku. Wazee wa huku watakuja kumuaga Baba." Nikasimama papo hapo, magurudumu yakiwa moto, na jamaa mmoja akamwagia gurudumu la mbele ndoo nzima ya maji ya mto. Chuma kikalia shaaa! Mvuke ukapanda.

"Bosi, hii gari ilikuwa na kiu!" akasema.

Nikacheka. Upande wa pili nao ukamwagiwa, nikacheka tena.

Karibu na Sotik, ng'ombe walivuka barabara nikakanyaga breki. Usukani ukanitetemeka mikononi kama mtu mwenye homa, na pedali ikawa inanipiga mateke kwenye nyayo. Nikiachia, gari linatulia. Nikikanyaga, homa inarudi. Kufika Bomet nilikuwa natetemeka pamoja nalo.

Bomet nilielekezwa kwa fundi Kimani. Wazazi wake walitoka Murang'a kitambo, yeye kazaliwa hapa hapa, na Kipsigis chake kimenyooka kuliko changu.

"Chamgei, mzee," akanisalimia. "Inasumbua wapi?"

"Usukani unatetemeka nikifunga breki."

"Umeosha gari wapi?"

"Nani amekuambia nimeosha?"

"Inang'aa, na wewe hukai mtu wa kuosha gari."

Akainua gari kwa jeki, akatoa gurudumu, akapitisha kidole juu ya diski. Akaniita niguse. Kulikuwa na mifereji kama ya jembe, na mahali pengine chuma kilikuwa kimegeuka buluu. "Buluu ni moto," akasema. "Ulishuka frii, ikachemka, halafu ukaimwagia baridi. Imejikunja kidogo. Jicho haliwezi kuona, lakini mguu wako unaona."

Nyuma ya soko nilikuwa nimeona mashine ya kuchonga vyuma. Nikamwambia, "Basi si uichonge tu? Kila mtu anachonga." Kuchonga ni kuparua uso wa diski mpaka unyooke tena.

"Wanachonga ikiwa na nyama. Kama inatetemeka ama ina mifereji midogo, na bado ni nene, nachonga na unaenda ukiimba." Akafuta ukingo kwa tambara, akanionyesha namba ndogo zilizopigwa kwenye chuma. Huo ndio unene wa mwisho; diski ikiwa chini yake haifai kuwa barabarani. Akaibana kwa kipimo chake. "Yako tayari imefika hapo. Mwenye alikuuzia alishachonga. Nikichonga tena nakupatia karatasi. Diski nyembamba haihimili moto. Mteremko wa kwanza inachemka, wa pili breki inalegea, wa tatu inapasuka."

Duka la spea lililopakana naye ni la Mama Wangui, mwanamke wa maneno makali na moyo mzuri. Alitafuta kwenye rafu, akatingisha kichwa, akapiga simu. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Baba, asubuhi ulipita Kericho?"

"Nilipita."

"Diski zako ziko Kericho. Ungezipungia mkono tu."

"Niletewe moja, ile mbaya zaidi."

"Moja! Wewe unavaa gambuti mguu huu, na huu slipa? Zinabadilishwa mbili, kushoto na kulia, la sivyo gari itakuvuta upande mmoja. Na pedi mpya, hivyo vibao vya kubana diski. Hizi pedi zako zimeshazoea makovu ya diski za zamani."

Zingekuja na gari la vifurushi, mchana. Hapo ndipo simu ililia. Alikuwa Chebet, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

"Uko wapi? Leo Baba ameamka vizuri! Amekunywa uji, ameketi, anaongea tu. Anaongea mambo ya zamani, ya lori la majani chai aliloendesha, ya Mama. Njoo haraka umsikie."

Nikamwomba ampe simu. Lakini kwa baba simu imekuwa kelele tu; nilimsikia akiuliza nani anapiga kelele, halafu simu ikarudi kwa dada.

Nikarudi kwa Kimani. Nikamwambia achonge, achonge sasa hivi, mimi nitaendesha polepole. Alikuwa anapangusa mikono.

"Nikichonga, Mulot utafika," akasema. "Huku mbele si milima sana. Ni kurudi ndiyo sijui. Na kurudi ndiyo utakuwa umembeba mzee."

Nilikaa juu ya gurudumu kuukuu kwenye uwanja wa gereji nikaangalia gari langu limesimama miguu wazi. Ningeweza kupanda gari lolote nikafika Mulot nikamsikia, lakini nani angemrudisha? Nikasema, "Nangoja."

Mchana mvua ilianza kabla ya kifurushi kufika. Mama Wangui aliniletea chai na mandazi, akaniambia nile, kwamba diski hazitakuja haraka nikiwa na njaa. Chebet alipiga tena, nikamwambia bado. Akapiga mara nyingine, nikamwambia ziko njiani. Halafu akaacha kupiga. Nilidhani ni mvua.

Jua likielekea kushuka, Kimani alimaliza. Akanipa masharti kama mtu anayekukabidhi binti: mwanzoni nisikanyage kwa nguvu, nikanyage taratibu, niachie, nizipe nafasi zipoe, nikanyage tena, mpaka diski na pedi zizoeane. "Na zikiwa moto usimwage maji. Hata malaika akikuambia."

Mulot niliingia giza likikaribia, kati ya malori na mbuzi waliokuwa wakirudishwa. Gari lilikuwa limetulia kabisa. Chebet alikuwa amesimama langoni, na nilijua kwa jinsi alivyosimama.

"Amelala?"

"Ameamka. Lakini mvua ilipoanza aliacha kuongea."

Baba alikuwa kitandani, macho wazi. Nilimsalimia, nikamshika mkono. Aliufinya kidogo. Nilikaa pale nikimngoja aseme kitu, na nilichosikia ni pumzi tu.

Asubuhi wazee wa huko walimwombea, wakamuaga. Tulimlaza kwenye kiti cha mbele, tukamfunga mkanda juu ya blanketi, Chebet akakaa nyuma. Sikuwahi kuendesha vizuri namna hiyo maishani mwangu. Miteremko niliishuka na gia, mguu ukigusa breki na kuiachia. Bomet nilipiga honi mbele ya gereji, Kimani akainua mkono wake mweusi kwa grisi bila kutabasamu.

Kabla ya kufika Litein, lami ikiteleza kwa mvua, trekta la majani chai lilichomoka kutoka barabara ya shambani bila kuangalia. Nilikanyaga. Gari lilisimama limenyooka, karibu nisome maandishi ya nyuma ya trela.

"Yesu!" Chebet alisema.

Kichwa cha baba hakikutoka hata kwenye mto.

Kiptere tulimshusha watu wakiwa wamejaa uani, tukamwingiza chumbani kwake. Aliangalia dari, akaangalia dirisha, akafumba macho kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Hakukaa nasi sana baada ya hapo. Tumemzika upande wa juu wa shamba, karibu na Mama.

Sasa niko nyumbani, na kama mtu ananiuliza nilijifunza nini, namwambia yaliyo rahisi: diski ikiwa nene bado, ichongwe, ikifika unene ule wa mwisho, ama ikipasuka, itupwe, zinunuliwe mbili. Na mambo hayo yaangaliwe gari likiwa bado uani na hakuna anayekungoja. Niliamua sawasawa pale Bomet, hakuna anayenilaumu. Lakini mazungumzo ya siku ile nzima yalikwenda bila mimi. Chebet ananisimulia, lakini amesahau nusu, na nusu nyingine anaichanganya.

Juzi tulikuwa jikoni, akasema bila kuniangalia, "Alikuuliza. Nikamwambia uko Bomet, unangoja diski."

"Akasema nini?"

"Akasema vizuri. Akasema, 'Mwambie asiharakishwe na mtu.'"

Inafanana na maneno ya baba. Inafanana pia na kitu ambacho dada angenitungia. Sijamwuliza tena.