Mafuta Yasiyobebeka

Kwa miaka ishirini na nane alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na katika miaka hiyo hakuna kichwa kilichopita mlangoni kwake bila kukaguliwa. Wasichana themanini, vichwa themanini. Kila Jumamosi baada ya usafi aliwapanga kwenye benchi refu nyuma ya bweni, akapita na chanuo la meno mapana mkono mmoja na bakuli la mafuta mkono wa pili. Mwenye chawa alijulikana, mwenye mba alijulikana, na aliyelia usiku kucha naye alijulikana, maana kichwa kikishikwa hakifichi kitu. Walimwita Matroni, jina likamganda. Hata alipostaafu na kuhamia vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala, majirani walimwita hivyohivyo, kana kwamba bweni lilikuwa limemfuata.

Lakini bweni halikumfuata. Alitoka na chanuo, bakuli la bati na mikono isiyojua kukaa bure.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Huyo alilelewa na mama yake mdogo, kwa sababu kanuni za shule hazikumruhusu matroni kukaa na mtoto bwenini, naye alimwona likizo kwa likizo. Kanuni zilikuwa kanuni, hilo halina ubishi. Lakini kazi nyingine zilikuwepo, na yeye hakuzitafuta. Alipenda kuwa mama wa themanini. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo: kijana alikua akijua kwamba mama ni mtu wa kuonana naye mara mojamoja, na sasa, mtu mzima mwenye kazi yake katika mji wa mbali, alimpigia simu Jumapili ya kwanza ya mwezi. Aliuliza kama amekula, kama miguu bado inavimba, kisha akasema, "Haya mama, tutaongea." Hakuwa mwana mbaya. Alikuwa mwana aliyejifunza vizuri alichofundishwa.

Kichwa cha kwanza alichokishika baada ya kustaafu kilikuwa cha jirani yake, fundi wa cherehani. Nywele za Fundi zilikuwa kavu kama katani, mwenyewe akisema kwamba akiinama juu ya nguo ya mteja inabidi azihesabu nyuzi upya, ajue zipi za nguo na zipi zake. Matroni alimkalisha kwenye kigoda. Alichanganya mafuta ya nazi vijiko vinne na ya mbarika kijiko kimoja, akaongeza ute wa jani la mshubiri uliokuwa umeota kwenye ndoo mbovu mlangoni, akaliweka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka mafuta yakalegea. Alipaka kwenye ngozi, si kwenye nywele, kwa ncha za vidole, akigawa mstari kwa mstari. Kisha yai lililopigwa na kijiko cha asali, kichwa kikafungwa kitambaa nusu saa. Alikiosha, mwisho akasuuza kwa chai ya rangi iliyokolea na kupoa, bila sukari. "Ukitia sukari," alisema, "utarudi kwako umesindikizwa na nzi."

Wiki tatu baadaye nywele za Fundi zilikuwa zinang'aa. Alishukuru sana, akaomba mafuta kidogo ya kwenda nayo. Matroni akamjazia chupa. Tangu siku hiyo Fundi hakukalia tena kigoda. Alimsalimu juu ya ukuta, akasifia mafuta, akaingia ndani.

Wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na yai lake mkononi, maana Matroni hakutaka malipo. Na kila aliyeondoka na chupa hakurudi. Ndipo alipojifunza alichojifunza. Mtu aliyefuata alipoomba chupa, alimjibu bila kupepesa macho: "Mafuta haya hayabebeki. Yakipoa yamekufa. Na lazima upakwe na mkono ulioyachanganya."

Hakuna neno hata moja la kweli hapo. Watu husema upo uongo usiodhuru. Mwenye kusema hivyo hajakaa kusubiri aone mwisho wake.

Wengi walichoka na masharti, wakaenda zao. Aliyebaki alikuwa Mwalimu, binti wa miaka ishirini na saba aliyefundisha chekechea, mwenye mtoto wa miezi minne. Nywele zake zilikuwa zinadondoka kwa mafungu, paji la uso limeanza kupanda. Matroni alijua sababu. Muuguzi wa shule alikuwa amemweleza zamani kwamba nywele za mzazi hudondoka miezi kadhaa, kisha kwa kawaida hurudi zenyewe, upake usipake. Mafuta yangezilainisha na kuzing'arisha, basi. Alimwambia Mwalimu nusu: kwamba zitarudi. Nusu ya pili aliibakiza mdomoni.

Basi kila Jumamosi Mwalimu alitembea karibu saa nzima, mtoto mgongoni, yai limefungwa kwenye leso. Mtoto alilazwa kitandani, mama akakaa kigodani, na saa mbili zikapita kwa vidole na maneno. Mwalimu alisimulia vituko vya watoto wake wa darasani. Kuna aliyemwuliza kwa nini kichwa chake kinanukia keki. Matroni alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, mikono ikiwa imejaa yai. Siku nyingine sita aliishi kwa kuikumbuka ile moja. Ijumaa alifagia mara mbili.

Miezi minne ilipita hivyo.

Jumamosi moja, kichwa cha Mwalimu kikiwa kimejaa yai na mtoto amelala mapajani mwake, simu yake iliita. Alimwomba Matroni aiguse tu pale, isikike kwa sauti. Alikuwa mama yake Mwalimu, aliyeishi peke yake mji wa jirani, safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi.

"Leo nayo huji?" sauti iliuliza.

"Mama, niko kwenye nywele."

"Aa, nywele. Hakuna neno. Nilikuwa nimechemsha maji ya kumwogesha mtoto. Nitaoga mimi."

Mwalimu alitaka kueleza, lakini mama alikwisha kata. Akageukia kucheka, akasema mama yake ni hodari wa kulalamika bila kulalamika. Hakuwa na siku nyingine, alisema, Jumamosi ndiyo hiyo moja, na Jumapili anafua na kuandaa masomo. Matroni alikuwa ameshika kichwa cha mtoto wa mwenzake, naye aliijua ile sufuria ya maji kama alivyokijua kiganja chake. Alikuwa nayo yake. Mara ngapi ametandika kitanda cha chumba cha pili, akakitandua?

Wiki ile hakulala vizuri, na si kwa sababu ya miguu. Alijitetea kwa kila hoja. Kwamba binti ni mtu mzima, anajua njia ya kwa mama yake. Kwamba hakumfunga kamba. Kwamba yeye pia ni mtu. Hoja zote zilikuwa na miguu, ila hazikwenda popote, maana alijua nani aliyesema mafuta hayabebeki. Kumwibia mtu kuku ni kosa ambalo hata mtoto analijua. Kumwibia mtu Jumamosi zake hakuna anayekukamata, na ndiyo maana mwizi lazima ajikamate mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikipaka kile kichwa mpaka mwisho, taratibu kuliko siku zote. Hilo hakujinyima. Alisuuza kwa chai, akakausha, akagawa njia katikati. Ndipo akasema. Alisema yote: kwamba nywele zilikuwa zinarudi zenyewe, kwamba mafuta hubebeka na hukaa miezi, kwamba mkono wowote unaweza kuyapaka. Kisha akatoa karatasi ya daftari aliyokwisha kuandikia kila kipimo, pamoja na chupa iliyojaa.

Mwalimu alimfunga mtoto mgongoni kwa fundo ambalo halikutaka kukaza.

"Miezi minne, Matroni," alisema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia tu nije kukusalimia, ningekuja."

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

Alichukua karatasi na chupa. Mlangoni alisema asante, kama mtu aliyelelewa vizuri, akaenda.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ya pili. Matroni hakushangaa. Ukweli ukichelewa kusemwa haukurudishii ulichokuwa nacho. Unakuzuia tu usiendelee kuchukua. Fundi alimwuliza juu ya ukuta yuko wapi yule binti mwenye mtoto, naye akajibu kwamba nywele zimepona.

Jumamosi ya tatu, kwa mazoea tu, aliliweka bakuli la mafuta ndani ya sufuria ya maji ya moto, na alipokumbuka kwamba hakuna kichwa cha kupaka, yalikuwa yamekwisha legea. Akayaacha pale. Simu ikaita. Hakuwa mwanawe, kwani haikuwa Jumapili.

"Wewe ndiye Matroni?" iliuliza sauti ya mwanamke wa makamo. "Mimi ni mama yake Mwalimu. Hapa kuna kichwa kimepikwa."

"Kimefanywaje?"

"Yai limeiva, mwenzangu. Nimemwoshea maji ya moto, sasa ana vipande vyeupe kichwa kizima. Karatasi yako imesema yai, imesema osha. Haikusema maji gani."

Nyuma yake Mwalimu alikuwa anacheka na kulalamika kwa pamoja. Matroni alikaa chini. Maji ya uvuguvugu! Mikono yake ilijua jambo hilo kwa miaka mingi kiasi kwamba kalamu haikuliona. Au kalamu ililiona, ikaliruka? Alijiuliza hilo kwa unyofu, na hakuweza kuapa.

Aliwaelekeza. Wasimwage tena maji ya moto. Wapake mafuta mengi palepale kwenye vipande, wagawe nywele sehemu sita, wachane kuanzia ncha kwenda juu, sehemu moja moja, bila haraka. Mama alisema simu itakaa mezani ili mikono yake iwe huru, na Matroni akawa anaelekeza kwa mbali kama alivyoelekeza wasichana wa zamu. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu mama alisema bila kuzungusha maneno:

"Kwa hiyo ndiye wewe uliyenikalia na mtoto wangu miezi minne."

"Ndiye mimi."

"Ulifanya vibaya."

"Nilifanya vibaya, dada."

"Haya. Hiki hapa juu ya sikio nacho nikivuteje?"

Mwalimu hakuzungumza naye. Mara moja tu alisema, akiwa mbali na simu, "Mwambie mtoto ameota jino," na mama akasema, "Amesikia." Kweli alisikia.

Baada ya sehemu ya sita, mama alishukuru. Kisha, kama wafanyavyo watu wenye mikono iliyojaa mafuta, hakukata simu. Pengine alidhani upande wa pili umekwisha kata. Matroni alisikia chanuo likipita kwenye nywele. Alisikia mtoto akigonga kijiko kwenye kitu cha bati. Mama aliuliza kama mkataba wa chekechea umeongezwa, binti akajibu jambo asilolisikia vizuri, wakanyamaza wote wawili, kimya cha watu wasiohitaji kuongea. Alibana simu sikioni. Ilikuwa nyumba nzima, na mlango umesahauliwa wazi.

Alikaa hivyo dakika moja, labda mbili. Kisha akajiambia kwamba mtu haingii nyumba ya watu kwa sababu tu hawakufunga mlango, akabonyeza, akakata.

Chumba kilirudi kuwa chumba. Kwenye karakana walikuwa wamezima msumeno. Alifungua daftari alimobakiza nakala, akaandika kati ya mstari wa yai na mstari wa chai: *Osha kwa maji ya uvuguvugu.* Herufi zilikuwa ndogo kwa kukosa nafasi, lakini zilisomeka.

Halafu akakalia kigoda, yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kinyozi hajinyoi. Kisogo hakukiona, njia aliyoigawa kwa kupapasa ilikwenda upande, na tone moja likamtelemkia shingoni ndani ya nguo. Mafuta kwenye bakuli yalikuwa yamekwisha poa. Alijipaka hivyohivyo, na yakaingia vizuri tu.