Siku Nilipovaa Koti la Wafula

Mnicheke tu, bana, mimi ndiye yule mtu aliyeangukia jeneza la ndugu yake huko Sirisia mpaka mhubiri akaruka seng'enge na Biblia mkononi, na yote ni kwa sababu niliona haya mikono yangu.

Mikono yangu mnaijua. Haya mabaka mekundu yenye magamba yanayodondoka kama pumba (hospitalini wanayaita soriasisi, kijijini wanasema mengine) tulikuwa nayo mimi na kaka yangu Wafula, na Wafula ndiye aliyekufa ghafla. Nikatoka Kitale mbio na shati la mikono mifupi, na asubuhi ya mazishi watu wakaanza kutazama viwiko vyangu na kunong'ona. Nikaingia nyumba ya marehemu, nikaona koti lake nyuma ya mlango, nikalivaa. Sasa, kwetu nguo za marehemu haziguswi mpaka azikwe na watu wanyolewe, na nilijua, lakini nikajiambia ati nitalirudisha baadaye.

Nilipotoka, watu wote wakanyamaza. Hata kuku, naapa. Nikakaa kando ya Mama, ambaye macho yalishaanza kumwacha, akashika kiganja changu, akapapasa magamba polepole mpaka ndani ya mkono wa koti, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wafula, mbona umerudi?"

Nikataka kusema ni mimi Simiyu, sauti ikakataa. Kifua kikabana, jasho baridi likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi, nikasimama, nikaangukia jeneza tukaenda chini pamoja. Kwaya nzima ikapotelea kwa mahindi. Baba mdogo akasimama mbali akasema nivuliwe koti, Wafula mwenyewe analitaka, basi wakanivua kwa fimbo (kwa fimbo, jamani), wakaliweka juu ya jeneza, wakangoja nipone. Mimi nimelala hapo nanusa vanishi, naogopa sana, na kusema kweli niliamini kaka amekuja kunichukua.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu Nekesa, mjane mwenyewe. Aliinama akanitazama usoni.

"Huyu hajashikwa na koti. Wafula alishika kifua hivi hivi, tukasema ni gesi."

Akalazimisha gari lililoleta maiti linikimbize Bungoma, kwa hivyo nilienda hospitali nimelala pale pale alipolala Wafula.

Daktari alitazama viwiko kabla ya kifua, akauliza habari za ndugu yangu. Akaeleza kwamba huo moto wa mabaka haukai kwa ngozi peke yake, mwili mzima unawaka chini chini, na mishipa ya moyo inaweza kuharibika pia, jambo ambalo hata wao ndio wanaanza kulielewa. Huu ni mshtuko wa moyo, akasema, na ukichelewa unaua.

Siku hizi natembea mikono wazi, napimwa presha, sigara nimeacha, na sitaficha tena huu ugonjwa chini ya nguo ya mtu yeyote. Nilipopata nafuu nilirudi nikamweleza Mama yote, nikidhani namtua mzigo wa kuamini Wafula alirudi kunichukua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo Wafula angepona?"