Ovaroli Nyekundu na Mpunga wa Watu

Heri niwasimulie mwenyewe, maana najua rafiki yangu Kulwa ameshawafikia, na najua ameongeza chumvi mpaka chakula hakiliki. Ndiyo, ni kweli. Mimi Masanja, muuza spea wa Bariadi, mume wa mtu na baba wa watoto watatu, nilishinda kutwa nzima kando ya lami nikipepeta mpunga wa watu, nimevaa ovaroli nyekundu ya mbio yenye jina langu mgongoni, na kila gari lililokuwa linakwenda Maswa likanipigia honi. Chekeni kwanza, mmalize, halafu mnisikilize.

Mjue kwamba Bariadi nzima hakuna aliyekuwa anachukia mbio za barabarani kuliko mimi. Nazichukia mpaka leo! Tangu tuwekewe lami, kila mwenye gari la turbo anajiona rubani. Utamkuta mtu mzima, ana ndevu zina mvi, ametoka Bariadi kwenda Lamadi kula samaki, anarudi kijiweni anatutangazia kwa majivuno ametumia dakika ngapi, kana kwamba samaki walikuwa wanamkimbia. Na barabara ni hiyo hiyo wanayovuka ng'ombe, ni hiyo hiyo wanayopita wanafunzi na baiskeli zilizobeba magunia ya pamba. Mwaka juzi tulimzika mwenzetu, kijana mpole kabisa, gari lilimshinda kwenye kona karibu na daraja. Makaburini wenzake walilia sana, mimi niliwaona kwa macho yangu, halafu walipopanda magari yao wakaondoka kwa mwendo ule ule uliomuua. Siku hiyo nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

Sasa mimi nilishawahi kwenda mkoa mwingine kutazama siku ya mbio za uwanjani. Jamani, ni raha na ni akili! Eneo limefungwa, hakuna mpita njia, hakuna mbuzi, mnaingia kwa zamu na kofia ngumu kichwani, gari la wagonjwa lipo pembeni, na ukikosea unagonga matairi mabovu yaliyopangwa, unatoka vumbi limekujaa unacheka. Nikarudi nahubiri. Nilihubiri dukani, nilihubiri kijiweni, hata kanisani baada ya ibada (mchungaji alinivumilia tu). Mwenye gari lenye nguvu, nikasema, nguvu yake akaimalizie uwanjani.

Wenye magari wachache wakanifanya mwenyekiti wao, na karibu mwaka mzima nilihangaika kutafuta uwanja. Mwisho nikapata kijiji kimoja upande wa Maswa, chenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichokufa zamani, kiwanja chake kipana na kigumu ajabu. Kibali cha polisi kikapatikana, ikabaki kijiji. Kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja akasimama akauliza, "Sawa, huko kiwandani mtakimbia vizuri. Kuja huku mtakuja vipi?" Swali zuri sana. Na mimi, kwa kimbelembele changu, nikasimama nikasema tuandike sharti: atakayekimbiza gari barabarani siku hiyo haingii uwanjani, hata awe nani. Wakanipigia makofi. Kamanda wa sungusungu, yaani mkuu wa walinzi wa kijiji, mzee mrefu asiyecheka, akanipa mkono. Sharti nililiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu, nikatia saini.

Siku ikafika. Mbio zilikuwa zianze saa tatu asubuhi, na mimi ndiye niliyetakiwa kufungua kwa mzunguko wa kwanza. Niliondoka nyumbani mapema, mtu wa watu, mwendo wa bibi harusi. Nimefika pale pa kutokea mjini nikakumbuka ovaroli nimeisahau kwenye kamba. Jamani, ovaroli! Angekuwa mtu mwenye akili timamu angeendelea na safari. Lakini ile ovaroli niliishonesha makusudi, jina langu limetariziwa kwa uzi wa njano, na kulikuwa na mpiga picha. Nikageuza. Mke wangu Kabula akaniona naingia mbio, akasema, "Kwani hiyo nguo ndiyo itakayoshika usukani?" Nikaivaa hapo hapo uani, na vifungo vikanichelewesha, maana fundi alinipima kabla ya sikukuu na mimi nikaivaa baada ya sikukuu.

Basi nikaingia barabarani nimechelewa, na mtu aliyechelewa husema maneno ya kijinga kichwani mwake. Nikajiambia nitakwenda themanini tu. Baadaye nikajiambia hapa pamenyooka, mia si kitu. Kisha, nikikaribia kile kijiji, nikakuta lori la pamba. Limejazwa mpaka limepinda, linatambaa katikati ya barabara, pamba zinapeperuka zinanijia kwenye kioo, na dereva napiga honi hasikii, nawasha taa haoni, kajaa pale kama barabara karithi kwa babu yake! Damu ikanichemka. Nikasema huyu simvumilii. Nikakanyaga mafuta, turbo ikaitika, na kusema kweli (nasema kwa aibu) nilisikia raha. Mshale ukagusa mia na arobaini. Nikalipita lori, na mbele yangu basi hilo hapo, linakuja na taa zote.

Nikarudi kushoto kwa nguvu na breki juu. Nyuma ya gari ikapoteza njia, ikaserereka nje ya lami, na pale nje ya lami, jamani, watu walikuwa wameanika mpunga. Maturubai matatu, yametandazwa vizuri. Niliingia turubai la kwanza nikatokea la tatu. Mpunga uliruka mpaka juu ya paa, kioo chote kikawa cha njano, turubai moja likajizungusha kwenye bampa, nikaliburuta hatua kama arobaini, na gari likazimikia mtaroni limeinamisha pua.

Nilikuwa mzima. Sikuona mtu chini. Sasa mnajua nilifungua mlango nikasema nini? Nilisema samahani? Hata! Nilisimama pale na ovaroli yangu nikafoka, "Nani amewaruhusu kuanika mpunga barabarani? Hii barabara ni kiwanja cha kuanikia?"

Akina mama wakanitazama. Mmoja, mama wa makamo mwenye kitenge cha bluu, alikuwa upande wa pili wa barabara, akavuka taratibu akaja mpaka mbele yangu. Akasema, "Na ni kiwanja cha kukimbizia?"

Wenzake wakapiga yowe, na mnajua yowe likipigwa kijiji cha Wasukuma, hata aliye na tonge mkononi anainuka. Wanaume wakatoka na fimbo. Mbele yao nani? Kamanda yule yule asiyecheka. Nikamwamkia haraka haraka, "Mwangaluka, baba!" Akaitika, maana salamu hainyimwi mtu, kisha akanitazama ovaroli kuanzia chini mpaka juu, akazunguka akasoma mgongo.

"Masanja," akasema. "Si wewe uliyetuandikia sharti?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga mwingine. Nikasema breki zilikata. Mimi! Muuza spea! Breki ambazo nilizifunga mwenyewe wiki ile! Kamanda akageuka akatazama lami, palikuwa na michirizi miwili myeusi mirefu inatoka pale nilipolipita lori mpaka kwenye mpunga.

"Kama zilikata," akauliza, "hii umechora na nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani mtaro unimeze na gari langu.

Nikatoa pochi. Yule mama wa kitenge, ambaye wenzake walimwita Mayu Minza, yaani Mama Minza, akaniambia niirudishe mfukoni. "Hela hatupiki. Tunataka mpunga wetu ulivyokuwa." Kamanda akakubali, akaongeza na lake: sharti ni sharti, uwanjani siingii. Nikamwomba, nikamkumbusha kwamba mbio zenyewe ni zangu, bila mimi kusingekuwa na kitu. Akasema ndiyo maana itakuwa vibaya sana likivunjwa kwa ajili yangu, kwa sababu wengine wote wataomba. Halafu wakanipa ufagio na ungo.

Nikaanza kufagia, nina hasira na dunia nzima. Hasira na dereva wa lori aliyepita polepole akanipungia mkono, hasira na fundi cherehani, hasira na mpunga wenyewe, maana punje ikiingia kwenye kokoto haitoki mpaka uibembeleze kwa vidole. Kupepeta ndiko kulikonimaliza. Mnaona mama zenu wanapepeta mnadhani ni kutikisa tu. Nilirusha mpunga juu, makapi yakanirudia machoni na mpunga ukamwagika nyuma yangu. Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. "Geukia upepo unakokwenda, baba!" Nikageuka, ikawa vilevile.

Ndipo wenzangu wakafika. Magari saba, yamefuatana, taa za tahadhari zinawaka, mwendo wa arobaini, eti wanatii sharti! Watu ambao nimewahubiria mwaka mzima wananisikia kwa sikio moja, leo ndiyo wamekuwa watakatifu. Kulwa akashusha kioo. Nilidhani ataniombea. Akanitazama, akatazama ungo, akauliza, "Mwenyekiti, tukusubiri au tuanze?"

Nikawaambia waanze. Ningesema nini?

Wakaenda. Kiwanda hakikuwa mbali, na haukupita muda nikaanza kuwasikia. Jamani, hakuna adhabu kama ile. Nilikuwa namjua kila mmoja kwa mlio wa ekzosi, najua nani amechelewa kukanyaga breki, nani amebadili gia mapema, na watu wanashangilia. Kulwa alipoingia nikamsikia anakosea kona ile ile, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nikajikuta nimesimama na ungo mkononi napiga kelele, "Punguza gia, wewe! Punguza!" Akina mama wakauliza naongea na nani.

Mchana ulishaingia nilipolifikia turubai la mwisho. Nikalifunua, na chini yake, kati ya mpunga, nikakuta vipande vya mti. Mguu wa kigoda. Mguu mwingine. Kikalio chake kimepasuka katikati, na juu yake alama ya tairi langu, ilikuwa wazi kabisa, ungeweza kuhesabu meno yake.

Nikauliza kigoda ni cha nani.

"Changu," akasema Mayu Minza, anachagua mawe, wala hakuinua kichwa. "Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa tangu asubuhi. Akapita baba mkwe wangu upande ule, nikavuka kumsalimia. Nimepiga goti, hata hajamaliza kuniuliza habari za watoto, nikasikia kishindo nyuma."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, akaendelea kuchagua mawe. Nami nikakumbuka nilivyofungua mlango na kumfokea mama huyu kuhusu kuanika mpunga. Nikauweka ungo chini. Nyinyi mnajua kwetu mwanaume hampigii goti mwanamke, tena hadharani, tena barabarani. Mimi nilipiga magoti yote mawili, ovaroli ikapasuka mshono wa nyuma, watu wakaona kila kitu, nikasema, "Mayu, nisamehe. Ningekuua."

Wanaume wakaguna. Mayu Minza ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza bila ukali.

"Nimesikia, ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Sasa inuka, unakandamiza mpunga."

Nikainuka, nikafagia mpaka punje ya mwisho. Kigoda nilimpelekea kingine wiki iliyofuata, kwa mwendo wa baiskeli, na Kulwa akihadithia kisa hiki mwambieni asiliache hilo. Uwanja tumeruhusiwa tena, na safari hii wananikubalia niingie. Lakini barabarani, naapa mbele yenu wote, sikimbizi gari tena, hata kama harusi ni yangu na bibi harusi ameshafika. Nikichelewa, nimechelewa. Na asiyetaka kunisubiri aanze bila mimi.