Neno la Siri la Mama Lea

Pale Chang'ombe, Dodoma, hakuna aliyepita kwa Paulina akabaki na kiu. Ukiomba maji, muuguzi huyo mstaafu atakupa maji, na karanga, na kiti. Kwa hiyo binti yake wa pekee, Lea, anayesomea ufamasia Poland, alipomwekea waifai ili waonane kila Jumapili, Paulina alijiona kama mtu aliyechimbiwa kisima uani. Alhamisi ya wiki ile ile, jumuiya iliposali kwake, baada ya matangazo ya ndoa na ya wagonjwa, alisimama akatangaza neno la siri. Akalirudia mara mbili kwa ajili ya waliokaa nyuma.

Neno lenyewe lilikuwa lea1234.

Miezi minane watu wakateka. Kisha uso wa Lea ukaanza kuganda. Jumapili moja uliganda kinywa wazi, jicho moja limefumba, kwa dakika tatu nzima, na Paulina, asijue la kufanya, akaendelea kuusimulia habari za kuku.

Laiti zingekuwa habari za kuku tu. Jumamosi iliyokuwa inakuja, wazee wa kijana aitwaye Joel walikuwa wanatoka Mbeya kuja kumposa Lea. Na ukoo wa Gideoni, mume wa Paulina, una desturi isiyolegea: wageni hawapewi jibu mpaka baba amuulize binti mbele ya wote kama anawafahamu, na binti ajibu kwa kinywa chake. Kaka yake Gideoni, Mzee Zablon wa Mvumi, alikubali habari ya simu kwa shida.

"Baba apige kwa simu yake mwenyewe, nami nisikie sauti na niuone mdomo ukienda," alisema. "Mdomo ukisimama, wageni wanywe chai warudi kwao."

Paulina akamwita Cecilia, mtoto wa mdogo wake, fundi wa kompyuta katika ofisi moja mjini.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kiangalie hiki kisanduku cha waifai, nadhani kimechoka."

Cecilia alifungua kompyuta yake, akatazama, akatazama tena.

"Mama mkubwa, nyumba hii mnaishi wangapi?"

"Mimi, baba yako mkubwa, na kuku."

"Basi kuku wako wana simu. Naona vifaa thelathini na kimoja." Akaanza kuvisoma. "Anjelina wa Kwaya. Televisheni ya Mwinjilisti. Damas Kinyozi Moja. Damas Kinyozi Mbili..."

"Damas ana moyo sana. Siku waifai ilipobadilika jina, alikuja mwenyewe kuniunganishia."

"Ikabadilika ikaitwaje?"

"Karibu Kwa Damas Kinyozi."

Cecilia alifumba macho kidogo. "Na wewe hukushangaa?"

"Nilidhani kampuni imepata mdhamini."

Kumbe neno la kuingilia kwenye mipangilio ya kisanduku lilikuwa bado lile la kiwandani, limebandikwa chini yake, na Paulina alikuwa akimgeuzia kisanduku yeyote aliyetaka kusoma. Cecilia alianza na hilo, akalibadilisha. Akakitoa kisanduku dirishani, kilipokuwa kikitazamana na kibanda cha kinyozi, akakiweka juu ya kabati katikati ya nyumba. Kisha akagawa mtandao sehemu mbili.

"Huu wa wageni. Hawa wanaishia sebuleni, na ukitaka unauzima bila kuugusa wa kwenu. Huu wa ndani ni wenu peke yenu. Neno lake nataka sentensi ndefu, herufi ndogo, bila kuacha nafasi, ambayo huwezi kuisahau."

"Kusahau sisahau. Kazi ni mtu akiniomba."

Cecilia alimfahamu. "Basi chagua kitu ambacho utaona aibu kukitamka."

Paulina alinyoosha kitambaa cha kochi ambacho tayari kilikuwa kimenyooka. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa hakubakiwa na aibu nyingi. Ilibaki moja. Mwaka themanini na tatu, nyuma ya zahanati, dereva mwembamba wa lori la karanga, aliyekuja kufungwa bandeji mahali pasipo na jeraha, alimwambia: ukicheka, zabibu zinaiva. Tangu hapo hakuyarudia maneno hayo, wala Paulina hakumwambia mtu.

"Geukia ukutani," akamwambia Cecilia, akaandika kwa kidole kimoja.

Kesho yake Damas alibisha hodi. "Mama Lea, ile paswedi imekataa."

Paulina alifungua kinywa kwa mazoea. Akakifunga. Uso ukamwaka.

"Damas mwanangu, hiyo... hiyo imekuwa ya ndani. Tumia ya wageni."

Damas aliondoka akiamini kwamba mama wa watu ana homa.

Jumamosi asubuhi Paulina aliuzima mtandao wa wageni kama alivyofundishwa. Gideoni, aliyeondoka kabla Cecilia hajaja, ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka Mvumi kumchukua kaka yake, na simu yake haikujua neno jipya. Bando lake, kama kawaida, lilikuwa limekwisha. Wageni wakakaa, chai ikanywewa, na msemaji wao, Mzee Ulimboka, akasema kilichowaleta. Ikafika zamu ya baba kumuuliza binti.

"Mama Lea, paswedi!"

Paulina alivuka sebule, akainama, akanong'ona. Lakini alinong'ona katika sikio la kushoto, lile lililoharibiwa na injini ya lori. La kulia lilikuwa limebanana na bega la Mzee Ulimboka.

"Nini?" akauliza Gideoni.

"Sema kwa sauti, shemeji," akasema Zablon. "Hapa wote ni ndugu."

"Na sisi tutaihitaji," akaongeza Mzee Ulimboka, simu mkononi.

Watu kumi na wanne walimtazama. Kule Poland, Lea alikuwa anasubiri.

"Ni yale uliyoniambia nyuma ya zahanati," akasema Paulina. "Herufi ndogo. Bila nafasi."

Gideoni alimtazama mkewe. Kisha kidole chake kikaanza kwenda, polepole, halafu haraka, wala hakuuliza hata herufi moja. Simu ikakubali mara ya kwanza.

"Lea, hawa wageni unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

Zablon alisogeza pua mpaka kwenye kioo. "Rudia."

"Nawafahamu, baba mkubwa, na moyo wangu umewakubali."

Mdomo ulikwenda mpaka mwisho. Vigelegele vikapasuka.

"Sasa, mzee mwenzangu," akasema Ulimboka, "hiyo paswedi?"

"Hapana!" walisema Gideoni na Paulina kwa pamoja, hata vigelegele vikakatika.

"Kuna ya wageni, baba," Paulina akasema kwa upole. "Ngoja niiwashe."

Akacheka. Gideoni akajifanya anatafuta miwani yake, iliyokuwa puani.