Risasi Moja kwa Siku

Fundi bunduki wa nyuma ya duka letu la chakula cha mifugo hana haraka. Ukimletea bunduki, huilaza nje kwenye baridi ya Wyoming, na asubuhi hupiga nayo risasi moja tu, akapima tundu kwenye karatasi ya shabaha kwa ukucha wa dole gumba. Basi, hadi kesho. Mtutu wa baridi haupigi kama uliokwisha kupata moto, na koyote, mbweha wetu wa nyika, hangoji risasi ya pili. Mfukoni fundi ana kibonge cha sufu. Huchomoa nyuzi mbili tatu, akaziachia hewani, akatazama upepo unakozipeleka.

Juzi Haugen, mfugaji wa kondoo, alikuja amenuna. Koyote wamemlia wanakondoo tisa, naye amekosa mara nne kwa bunduki aliyoirekebisha fundi.

"Darubini ya kulengea umeiharibu, mzee."

Fundi aliichukua bunduki. Alitia risasi isiyo na baruti bila kumwambia, akamwelekeza kwenye shabaha. Haugen alipofyatua, mlio haukuja, lakini mtutu uliinama na macho alikuwa ameyafumba.

"Na darubini nayo ilifumba macho?" fundi akauliza taratibu.

Haugen akacheka kidogo, akaondoka na risasi chache tupu kama ile, akafanyie mazoezi.

Jioni nilimpelekea fundi kahawa. Alikuwa amefunga madirisha yote, ameegemeza bunduki mezani, anajaribu zoezi lilelile la risasi tupu. Alibana pumzi, akafyatua. Mtutu ukaruka pembeni. Akageuka, akaniona.

"Upepo," akasema, akapokea kikombe kwa mikono miwili.