Fundi Aliyeifuata Alama

Jirani yangu ni fundi baiskeli, mtu mkimya hivi kwamba akikohoa tu, nyumba tatu zinatega sikio zikidhani kuna tangazo. Tangu mkewe afariki, ile nyumba yake ilikuwa ya kulala tu. Kukipambazuka anatia kufuli, anakwenda karakana yake nyuma ya ghala la mbao, harudi mpaka giza liingie.

Sasa kumbe wateja walikuwa wanakuja huku nyumbani. Utamwona mtu kainamia simu, anakokota baiskeli yenye pancha, anafika mbele ya kufuli anaduwaa. Simu imemwambia fundi yupo hapa. Mimi dirishani naelekeza: kata kushoto, vuka mtaro, ulizia ghala. Wengi mtaro uliwashinda. Mmoja alizunguka mpaka tairi likaota ndevu na yeye akabaki na upara. Anayebisha akautafute huo upara.

Huko karakanani fundi alikuwa anafuta spana zilizokwisha kufutwa. Mwenye ghala akamwambia wazi kwamba chumba kikiendelea kulala hivi, atakichukua aweke mbao zake. Na fundi yule bila kazi angebaki na nini? Watoto hawakujaliwa, mke ndiyo huyo kaenda.

Nikamkokota mpaka kwa dada anayetengeneza simu pale kona. Dada akafungua ramani ya simu akatafuta fundi baiskeli wa karibu, na jirani yangu akatokea humo. Duka limeandikwa "Mume Wangu Hodari, Fundi Baiskeli". Nilicheka nikaomba kiti. Fundi hakucheka. Alama ya duka ilikuwa imekaa barazani kwake, maana marehemu ndiye aliyeiweka, siku moja akimenya viazi pale pale. Simu ilimuuliza kama yupo mahali penyewe, naye akabonyeza ndiyo. Akaendelea na viazi vyake.

Dada akasema dawa ni ndogo, anaihamisha alama mpaka karakanani na watu hawatapotea tena. Fundi akauliza ile ya barazani itabaki? Dada akamwambia haibaki, inafutika.

Fundi akaitazama ile alama nyekundu mpaka taa ya simu ikazimika.

"Iache hapo alipoiweka," akasema.

"Baba, kazi yako itakufa."

"Basi nitahama mimi."

Dada akanitazama, mimi nikatazama dari. Akaongeza yaliyobaki: namba ya simu, saa za kazi, na kesho yake akaja kupiga picha ya baraza ili mgeni aujue mlango.

Siku hiyo hiyo fundi alihamisha karakana nzima, pampu, minyororo, beseni la kutafutia pancha, vyote mgongoni kwa safari moja. Nyinyi semeni ni uongo. Kufuli likatoka mchana kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Wateja sasa wanafika moja kwa moja, hata mimi dirisha langu limekosa kazi. Wakiuliza kama ndipo hapa, anawajibu kwamba mke wake hajawahi kukosea njia. Jioni mtaa ukipoa, mteja wa mwisho huwa anachelewa sana kuondoka. Jana nilimwona fundi akifungua tairi zima, lisilo na hata tundu la sindano, analizamisha kwenye beseni taratibu, analigeuza, anatafuta, huku akimwambia yule kijana akae, hana haraka.