Pengwini na Solotepu

Kuna kipindi niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba kompyuta yenye pengwini haiwezi kupata joto. Aliyenieleza ni muuza chaja mmoja pale sokoni Makoroboi, mtu mwenye sauti ya kutangaza mpira. "Kaka, jiulize mwenyewe," aliniambia. "Ndege wote hawa duniani, kwa nini nembo yao wameweka ndege wa barafuni? Mfumo ule unapoza! Ukiuweka, hata feni ing'oe ukaitumie kwingine." Nikajiuliza, nikajijibu, nikaondoka pale nimeelimika kuliko Kanda ya Ziwa nzima.

Na msinicheke haraka, ushahidi nilikuwa nao. Nilikuwa nimemnunulia mke wangu kompyuta ndogo ya mtumba, ile ya kufungua na kufunga. Ilikuja na mfumo endeshi mzito wa kulipia, tena wa wizi, unaoleta onyo jeusi kwenye kioo kila ukigusa kitu. Ilinguruma kama meli ya Nansio inayotafuta gati, na ukiipakata inakuunguza mapaja. Ndipo akaja mwenzangu niliyesoma naye jioni, na flashi yake mfukoni. Akaufuta mfumo ule, akatuwekea Linux, ule wenye nembo ya pengwini, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuunakili na kumpa jirani. Kazi yote aliifanya huku akimaliza mihogo yetu. Mashine ikawaka kimya. Nikaweka kiganja chini yake: baridi! Mwenzangu akasema ni kwa sababu mfumo wenyewe mwepesi, hauichoshi mashine. Nikamhurumia. Hakuwa amepita Makoroboi.

Mke wangu alikuwa akipika uji kwenye shule moja ya chekechea, na alichotaka ni kuacha kuwapikia wale watoto, awafundishe. Kwa hilo ilimbidi arudie mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, afaulu, kisha aombe ualimu pale chuo cha Butimba. Alishawahi kujaribu akafeli. Nilipokuwa nasoma mimi, yeye ndiye aliyebaki na watoto. Sasa ilikuwa zamu yake, na alisema wazi kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, ikishindikana habari za shule zisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Akitoka kazini mchana anakaa na ile mashine. Bando letu lote liliishia kushusha masomo. Humo humo akaandika muhtasari wake, mada kwa mada, pamoja na majibu ya mitihani iliyopita. Nikaanza kumwita Mwalimu. Watoto wakadaka. Haikupita muda, hata muuza mkaa akawa anabisha hodi kwa kuuliza kama Mwalimu yupo.

Sasa, sisi tunakaa Igogo, juu kwenye mawe. Ziwa lote liko machoni petu, na wadudu wake wote pia. Msimu wao ukifika wananyanyuka majini kama moshi wa mji unaoungua, halafu wanakuja kwetu moja kwa moja, kana kwamba tumewaalika. Wanaingia kwenye chai, kwenye ugali, puani. Ukipiga mwayo umeshapata kitoweo. Nilipowaona wanajipenyeza kwenye vitundu vya ile kompyuta, nilichukua solotepu nyeusi nikaziba vya ubavuni, nikaigeuza nikaziba vya chini, nikapiga pasi kwa ukucha.

"Na hewa, baba watoto?" mke wangu aliuliza.

"Hewa ya nini? Huyu ana barafu yake."

"Una hakika?"

"Mwalimu, nani mwenye cheti humu ndani?"

Akacheka, akarudi kwenye fizikia yake.

Baada ya hapo mashine ikawa inajizima. Nikasema pengwini anasinzia, tumwache apumzike. Tukawa tunamwacha, anaamka. Hadi Jumamosi moja mchana, mtihani ukiwa umeshakaribia, ilipojizima na kutoa harufu kama ya pasi iliyosahaulika juu ya shati la nailoni. Haikuamka tena.

Sote wawili tuliipeleka kwa fundi. Akabandua solotepu, akafungua. Ndani safi, hakuna hata bawa la mdudu mmoja! Nilisimama pale kifua mbele.

"Bodi imeungua, mzee," fundi akasema.

"Basi toa masomo ya mama, tuyahamishie kwenye nyingine."

"Hizi ndogo za bei rahisi, hifadhi yake imechomelewa humo humo kwenye bodi. Hakuna cha kuchomoa. Mlikuwa na nakala?"

Mke wangu akatikisa kichwa. Flashi ilikuwa ya yule mwenzangu, aliondoka nayo. Simu zetu zilikuwa zimejaa zamani.

"Ndiyo basi, mama," fundi akasema, akaifunga.

Njia nzima niliulaumu umeme, kwa sauti ya kusikika mpaka Kamanga, ng'ambo ya maji. Siku ya mtihani ilipofika aliamka akaenda kupika uji. Nilimwambia nitatafuta mashine nyingine, tutaweka Linux ile ile, ni bure. Akaniuliza, "Nianzie wapi?" Nilimwita Mwalimu mara moja baada ya hapo, kwa utani, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Watoto waliacha wenyewe. Muuza mkaa ndiye aliyechelewa kuzoea.

Msimu uliofuata wadudu wakarudi, wengi kuliko mvua. Nikachukua kipande cha solotepu kilichobaki nikaizungukia televisheni, nianze na vitundu vya nyuma. Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Usizibe hapo," akasema.

"Kweli, hii haina pengwini."

"Yule ndege ni picha tu, baba watoto. Hapozi kitu." Alitupa punje ya jiwe nje ya mlango. "Kompyuta inapozwa na hewa inayopita kwenye vile vitundu. Ulipoviziba, joto likakosa pa kutokea, ikaungua. Imo kwenye fizikia, mada ya joto."